Udi Kwenye Mchanga wa Paka

Bi Zubeda wa Tandika alikuwa na pua. Mtasema kila mtu anayo, lakini ya Bi Zubeda ilikuwa mali. Miaka nenda miaka rudi alipika udi wa maharusi, ule wa sukari na marashi unaokatwa vipande ukishapoa, na alikuwa akiinama juu ya sufuria, akivuta harufu mara moja tu, anajua kama sukari imeungua au muuza marashi kamtilia maji. Biharusi wa Temeke asiyefukizwa kwa udi wake alihesabika kama kaolewa kimyakimya. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvumilia harufu mbaya hata ya kupita, na hilo mlishike, maana ndilo lililomponza.

Mumewe alipofariki, nyumba ya Tandika iliuzwa, warithi wakagawana kwa amani, na mwanawe Yazid akaja na kirikuu kubeba masanduku, masufuria na mama yake mwenyewe kuwapeleka Goba. Yazid ni fundi wa majokofu. Amejenga huko juu kilimani, nyumba nzuri ya vigae vyeupe chini, ua wote umetandikwa vitofali vya saruji, hata jani la kung'oa huoni. Mkewe Ahlam, binti wa Kiarabu wa familia ya wenye maduka, anauzia mabaibui hapo hapo nyumbani. Nusu ya sebule ni makochi na nusu ni mabaibui, mengine yakining'inia kwenye vyuma na mengine yakiwa ndani ya mifuko yake ya nailoni.

Ahlam alimpokea mama mkwe vizuri kupita kiasi, na taabu ilianzia hapo. Bi Zubeda akishika ufagio, unachukuliwa mkononi mwake kwa adabu zote. "Mama, kaa. Umefanya kazi ya kutosha maishani." Akiingia jikoni, anatolewa kwa tabasamu na kikombe cha chai. Mezani anawekewa minofu mitupu na ile glasi nzito ya wageni. Akisema chai nzuri, wanasema ahsante mama. Akisema mvua itanyesha, wanasema inshallah mama. Hakuna aliyembishia. Tandika alikuwa akibishana na majirani tangu kunapambazuka, akikatizwa, akitaniwa, akiazimwa chumvi na kudaiwa kijiko. Huku Goba alikuwa mgeni nyumbani kwa mwanawe, na ugeni ule ulimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Akawa anaulipia kwa kitu alichokuwa nacho. Kila alasiri anawasha makaa, anatia udi kwenye chetezo, anazunguka chumba hadi chumba. Anafukiza mapazia, makochi, matandiko, mpaka mabaibui ya Ahlam moja moja. Ahlam anasema, "Ahsante mama, nyumba inanukia," kisha anatoka nje kuanua nguo.

Sasa akaja Demetria, jirani yake wa Tandika, Mkristo wa watu aliyekaa naye ukuta kwa ukuta tangu Yazid hajaanza shule. Alikuja na kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kitoto cha paka, cheupe chenye mabaka ya kahawia.

"Mama Yazid, nimekuletea mwenzio," Demetria akasema. "Hiki nilikiokota nyuma ya mashine ya kusaga. Nyumba kubwa hivi utaongea na nani?"

Bi Zubeda akakipakata, kikakoroma kama kijiko kinachosaga sukari kikombeni, na mama wa watu akayeyuka. Akakiita Kashata. Ahlam akakitazama kitoto kile, akayatazama mabaibui yake, akasema, "Mashallah." Ilikuwa mashallah fupi.

Paka wa Tandika, ieleweke, hafundishwi choo na mtu. Anatoka mlangoni, mchanga ndio huo, anafukua, anamaliza, anafukia, anarudi. Bi Zubeda alifuga paka maisha yake yote na hajawahi hata kujiuliza wanakwenda wapi. Goba ni vitofali mpaka getini, na nje ya geti ni udongo mwekundu mgumu na mbwa wa jirani, wakubwa, wasio na haya. Kashata alitoka siku ya kwanza, akakwangua kitofali, akakwangua kingine, akamtazama Bi Zubeda kama anayeuliza choo kiko wapi. Kisha akarudi ndani akajijibu mwenyewe kwenye zulia la mlangoni.

Paka si najisi. Watu wa pwani wote wanalijua hilo, paka analala juu ya mswala na mtu anaswali pembeni yake. Mkojo wake ndio habari nyingine, huo ni najisi, na harufu yake haina mshindani. Bi Zubeda alifua zulia lile kabla Ahlam hajarudi kutoka dukani, akalifukiza, akaamua kwamba mtoto huyu atafundishwa. Mbona amefundisha watoto wa binadamu watano?

Mchanga ulikuwa jirani, kwenye nyumba inayojengwa. Akaenda na beseni lake. Msimamizi wa mafundi, kijana wa Kihaya aitwaye Gaudens, akashuka kwenye jukwaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Naomba mchanga, beseni hili tu."

"Unajenga nini bibi?"

"Choo."

Gaudens akalitazama beseni. "Choo cha beseni moja?"

"Cha paka."

Akaita wenzake waje wasikie. Walipomaliza kucheka, akauliza kwa heshima zote za kazi, "Sasa huu hapa wa zege, ule pale wa plasta. Huyo mteja wako anapendelea upi?" Bi Zubeda akachota wa plasta kiganjani, akaunusa, akaridhika.

Akaufua. Ndiyo, aliufua mchanga, maji mara nyingi mpaka yakatoka meupe, akauanika, akaumimina kwenye beseni na kuliweka kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya jikoni. Mtu mwingine angeishia hapo. Bi Zubeda akawaza: hiki ni choo, ndani ya nyumba ya mkwe, mtoto wa watu mwenye vigae vyeupe. Haiwezekani kinuke choo. Akawasha makaa, akaweka chetezo katikati ya mchanga, akafunika beseni zima kwa lile tenga la kufukizia nguo, akaacha moshi ufanye kazi yake. Alipofunua, mchanga ulinukia kiasi cha kumlaza biharusi. Akasimama akauangalia kwa fahari.

Kashata akawekwa katikati. Akanusa, akapiga chafya, akaruka nje.

"Atazoea," Bi Zubeda akasema.

Kila baada ya kula akawa anambeba, anakaa naye mbele ya beseni kwenye kigoda, anamshika miguu ya mbele na kumfukulisha mchanga, kisha anamwimbia ile sauti ya mama wote wanaokojoza watoto: "Shuuu. Shuuuuu." Yazid alikojozwa hivyo, na Yazid sasa ana nyumba. Kashata alisikiliza kwa makini, kichwa kaweka upande, akapanda mapajani, akalala. Alipoamka alikwenda kukojoa kwenye kiatu cha kazi cha Yazid.

Kosa likitokea, Bi Zubeda alipata jibu lile lile: mchanga haujawa safi vya kutosha. Akaumwaga wote, akaenda kuchukua mwingine ("Bibi, hicho choo hakiishi tu?"), akaufua, akauanika, akaongeza udi. Akaacha udi wa kila siku, akatoa ule wa harusi. Kadiri mchanga ulivyonukia ndivyo Kashata alivyoupita kwa mbali, na ndivyo pembe za nyumba zilivyopata habari zake. Bafuni. Nyuma ya kochi. Chini ya pasi. Bi Zubeda akawa anatembea na kitambaa mkononi, pua mbele, akiwahi kufuta kabla mwenye nyumba hajajua.

Akampigia Demetria simu. "Mwenzangu, huyu mwanao hajui choo."

"Sie paka wetu walikuwaga wanajua wenyewe," Demetria akasema, anacheka mpaka simu inakwaruza. "Labda unamwambia kwa Kiswahili cha Goba. Hebu mtukane kidogo kama kwetu."

Bi Zubeda akacheka naye, lakini alipokata simu kicheko kilikatika nayo, maana siku ile ile Kashata alikuwa ameingia kwenye mfuko wa nailoni.

Ndani ya mfuko mlikuwa na baibui la shanga, la mteja, la Idi. Ahlam ndiye aliyelikuta. Hakupiga kelele. Alilitoa kwa vidole viwili, akalifua, akalisuuza, akalifua tena, akaliweka kivulini. Bi Zubeda alisimama mlangoni, mikono haina kazi, akitamani sana afokewe. Angalau afokewe.

Ahlam akajipangusa mikono. "Mama," alisema polepole, macho yake yakiwa kwenye baibui, "Jumamosi wateja wangu wanakuja kuangalia mzigo wa Idi. Kama atakuwa hajazoea mpaka hapo, tumtafutie mahali pake tu. Labda hapa si pake."

"Sawa mwanangu."

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa kitandani na Kashata mapajani. Hakumlaumu Ahlam, baibui ni biashara ya mtu na mtoto yule alisema kwa heshima. Lakini maneno yale yalimkaa kifuani. Kama kiumbe kidogo hivi, kisichojaza hata kapu, kinashindwa kupata pake kwenye nyumba hii, mtu mzima kama yeye ataanzia wapi? Alimpenda paka yule, ndiyo, ila hakuwa akimlilia paka peke yake. Alijiona anarudishwa pamoja naye, na Tandika hakuna tena nyumba ya kurudi. Akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Kashata akauchezea upindo.

Ijumaa akaamka na nia. Kama ni usafi, leo mchanga utakuwa safi kuliko unga. Aliufua mpaka mikono ikakunjamana, akautandaza juu ya kiroba kwenye kibaraza cha nyuma ukauke, akaingia jikoni kuwasha makaa. Alikuwa ametenga kipande cha mwisho cha udi wake bora, aliokuwa ameuhifadhi tangu Tandika. Makaa yalikuwa na unyevu, hayakushika upesi. Akawa anapepea huku akiyasema.

Ahlam alikuwa nje anaanika nguo. Kashata akatoka mlangoni, akashuka kibarazani, akafika kwenye kiroba. Akanusa mchanga upande huu, akanusa upande ule. Hakupiga chafya. Akafukua kishimo kidogo kwa mguu wa kulia, akakipima, akakiongeza kina, akageuka, akachutama, mkia juu, macho mbali, mtulivu kama mtu anayesubiri chai.

"Mama!" Ahlam akapiga ukelele. "Mama! Njoo! Njoo mbio!"

Bi Zubeda akadhani mbwa. Akatoka mbio, chetezo mkononi, tayari kumpiga nacho mbwa yeyote wa Goba. Akakuta Kashata anafukia. Anafukia kwa ustadi, anarudi nyuma kunusa, anaongeza mchanga.

"Kafanya?"

"Kafanya mama! Yote! Kwa macho yangu!"

Bi Zubeda akapiga kigelegele. Kilitoka chenyewe, kirefu, cha harusini hasa, na Ahlam naye akakidaka akakiendeleza, amebana kibanio cha nguo mkononi. Kule kwenye jengo nyundo zikanyamaza.

"Bibi, kuna harusi?" Gaudens akauliza kutoka juu.

"Paka kanya!" Ahlam akajibu kwa sauti, kisha akajiziba mdomo. Jukwaa zima likashangilia.

Wakakaa kibarazani wakicheka mpaka wakachoka. Ndipo Bi Zubeda akakunja uso. "Lakini mbona hapa kakubali na kule kwenye beseni hataki? Mchanga ni huu huu. Tofauti ni kwamba huu bado..."

Akakitazama chetezo alichokuwa bado amekishika. Makaa yalikuwa yameshika sasa, kipande cha udi kimeanza kuyeyuka, moshi unateremka na upepo. Kashata akaupata puani, akapiga chafya, akakimbilia chini ya ngazi.

Na Ahlam akapiga chafya.

"Afya mwanangu."

Akapiga nyingine. Akageuza uso, akabana pua, macho yamejaa maji, mabega yanaruka kwa chafya anazozizuia. Bi Zubeda akamwangalia. Akaziona sasa alasiri zote zile, moshi unaingia sebuleni na mkwe anatoka kuanua nguo.

"Ahlam."

"Abee mama."

"Moshi wangu unakudhuru?"

"Hapana mama." Chafya.

"Tangu lini?"

Ahlam akainamisha kichwa. "Tangu ulipokuja mama. Kifua changu hakipendi moshi. Hata kwetu walikuwaga wananisubiri nitoke ndio wafukize."

Ilimchoma, tusidanganyane. Udi wa Bi Zubeda, uliosifiwa kuanzia Tandika mpaka Mbagala, unakimbiwa na paka na mkwe kwa pamoja. Alikikodolea macho chetezo, na Ahlam akaogopa.

"Mama nisamehe, sikutaka..."

"Na nyie Waarabu wazima mnashindwa na udi?" Bi Zubeda akasema. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje mama? Udi wako! Nilikuwa naanua nguo mbichi, nazianika tena. Yazid kaniuliza mara ngapi kwa nini mashati yake hayakauki."

Bi Zubeda alijaribu kubaki amenuna, akashindwa. Alicheka mpaka chetezo kikatikisika. "Angekuwa mama yako mzazi, ungemwambiaje?"

"Ah, yule! Yule ningemwambia tu, we mama, zima hilo jiko lako unaniua."

"Basi niambie mie."

"Siwezi."

"Niambie. Hivyo hivyo ulivyosema."

"Mama, ni aibu."

"Ahlam! Sema!"

Ahlam akavuta pumzi, akafumba macho. "We mama," alisema, sauti ndogo, kisha ikakua, "zima hilo jiko lako, unaniua!"

Bi Zubeda akainuka, akachukua kopo la maji aliyofulia mchanga, akayamwaga yote juu ya makaa. Pssss. Udi wake bora kabisa ukazimika, na yeye alihisi raha ambayo hakuwa ameihisi tangu ashuke kwenye kile kirikuu. Alikuwa amefokewa. Mkwe wake amemfokea, kwa jina la mama.

"Haya, na mie zamu yangu," akasema. "Minofu yenu siitaki. Nataka kichwa cha samaki, nataka mifupa. Hiyo glasi nzito mpe mgeni. Na chai yako, mwanangu, Mungu anisamehe, ni uji wa sukari."

"Mama! Si ulisema nzuri?"

"Na wewe si ulisema nyumba inanukia?"

Jioni ile beseni lilijazwa mchanga bila moshi. Bi Zubeda alitaka angalau ule uliokwisha kutumika utupwe, Ahlam akamkatalia waziwazi: Kashata ajue harufu yake mwenyewe, akiipata ndiyo atajua pa kwenda. Wakabishana. Bi Zubeda akasema pua yake haitastahimili, Ahlam akasema pua hiyo imeshakula raha ya kutosha. Wakaacha kijiko kimoja cha mchanga ule. Yazid aliporudi kazini akawakuta wanagombana kwenye chumba cha kufulia, sauti juu, paka katikati, na moyo ukampasuka. Akawasihi wakae chini wayamalize. Wote wawili wakamwambia asiingilie.

Jumamosi sebule ilijaa. Walikuja wanawake wa Mikocheni na wa Kiwalani, wamekaa mpaka kwenye mikono ya makochi, mabaibui yamefunuliwa kila upande. Kashata akaingia. Akapita katikati ya vitambaa vyeusi, akanusa mfuko mmoja, na Ahlam akasahau bei aliyokuwa anaitaja. Paka akausogelea mfuko, akautafakari, akaendelea na safari yake, kupitia jikoni, karibu na miguu ya Bi Zubeda aliyekuwa anaunga nazi kichwa cha changu kikubwa, akaingia chumba cha kufulia. Ikasikika sauti ya mchanga unafukuliwa. Ikasikika tena, ya kufukia.

"Mama!" Ahlam akaita kutoka sebuleni, sauti ya mtu asiye na muda. "Kashata keshakunya! Njoo uzoe!"

Wateja wakatazamana. Mama mkwe huyo anaitwa hivyo? Mmoja akashusha baibui mapajani, mwingine akajikohoza. Wote wakageukia mlango wa jikoni waone bibi atatoka na uso gani.

Bi Zubeda hakutoka. Alionja mchuzi, akaongeza ndimu, akapaza sauti kama aliyekuwa kwake Tandika.

"Zoa mwenyewe! Mie nina samaki motoni!"

Ahlam akaacha wateja wake, akachukua kizoleo, akaenda kuzoa.